Ukiua Kirusi, Chunga Usiliue Chujio

Spiriti inaua kirusi cha korona. Hilo halina ubishi. Sasa chukua barakoa ya N95, ile ya kuchuja hewa inayovaliwa wodini, uiloweshe kwa spiriti hiyo, uianike ikauke, kisha uipime. Kwa macho itakuwa ileile: nyeupe, imara, haina hata doa. Ila uwezo wake wa kunasa chembe utakuwa umeporomoka. Mwaka 2020 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, wakiwamo Yi Cui na Steven Chu, walipima kitambaa cha chujio cha aina hii kilichokuwa kikinasa asilimia 96 ya chembe. Baada ya kuchovywa kwenye alkoholi mara moja kilinasa asilimia 56 hivi. Kilichotiwa dawa ya klorini kilishuka hadi asilimia 73. Mhudumu anayeingia kwa mgonjwa na barakoa ya namna hiyo ameingia na kitu kisafi kisichomlinda, na hajui.

Hapo ndipo lilipo tatizo la kurudia kuvaa barakoa. Huwa tunauliza swali moja tu, kwamba kijidudu kimekufa au hakijafa, na tukijibiwa kimekufa tunaridhika. Njia yoyote ya kutakasa barakoa ina mitihani mitatu, na ikianguka mmoja imeanguka yote. Imeua kijidudu tunachokihofia? Chujio bado linachuja? Barakoa bado inashika uso bila kuacha upenyo? Mtihani wa kwanza ndio mwepesi. Wa tatu ndio unaoangusha barakoa nyingi, na ndio usiotajwa kwenye mabango ya ukutani.

Tuanze na chujio, maana bila kulielewa kila ushauri utaonekana kama miiko tu. Katikati ya N95 kuna tabaka la nyuzi za polipropilini, plastiki ya jamii moja na ile inayofumwa viroba vya mchele. Plastiki huyeyushwa na kupulizwa kwa hewa ya moto hadi ikawa nyuzi nyembamba kuliko unywele mara nyingi, ambazo huangukiana ovyo na kufanya shuka laini. Nafasi zilizopo kati ya nyuzi hizo ni kubwa kuliko kirusi. Watu wengi walipoambiwa hivyo walihitimisha kwamba barakoa ni bure, kwa sababu walidhani inafanya kazi kama chekeche: kikubwa hubaki, kidogo hupita. Sivyo ilivyo. Nyuzi hizo zimetiwa chaji ya umeme tuli inayodumu muda mrefu, na chaji hiyo huvuta chembe zinazopita karibu zikanata. Mbinu ya kuzitia chaji nyuzi za aina hii iliendelezwa na Peter Tsai, mwanasayansi mzaliwa wa Taiwan, alipokuwa Chuo Kikuu cha Tennessee mjini Knoxville. Bila chaji, ili kufikia asilimia 95 ingebidi tabaka liwe nene mno, na mvaaji angehangaika kuvuta pumzi.

Hiyo asilimia 95 yenyewe hupimwa kwa chembe za takriban mikroni 0.3, nazo zimechaguliwa kwa makusudi kwa sababu ni ngumu kunaswa. Chembe kubwa kuliko hizo hushindwa kukata kona pamoja na hewa, zikagonga uzi. Ndogo kuliko hizo huyumbayumba hewani mpaka zikagusa uzi. Za katikati ndizo zenye hila, na kuzikamata kwahitaji chaji. Ukiiondoa chaji umewaachia mlango wale wagumu kuliko wote.

Sasa spiriti inaeleweka. Polipropilini huyakataa maji. Ukiyamwagia hujikunja kuwa matone na kuteleza. Spiriti haikataliwi. Hupenya, huenea juu ya kila uzi, na ikikauka chaji nayo imetawanyika. Sabuni nayo ina hatia ileile, kwa kuwa kazi ya sabuni ni kuyawezesha maji kulowesha pale yasipolowesha. Barakoa ya N95 iliyofuliwa kwa sabuni ya unga hata ikawa nyeupe pe imepoteza kile kilichoifanya iitwe N95. Jambo la kushangaza ni kwamba maji ya moto matupu yana madhara madogo zaidi kuliko dawa: katika vipimo vile vya Stanford, kuchemsha kwa dakika 5 kulikiacha kitambaa kikinasa asilimia 92. Usiende kuchemsha barakoa yako kwa sababu ya sentensi hiyo. Kilichochemshwa pale kilikuwa kipande cha kitambaa, na barakoa nzima ina umbo, waya wa puani, sponji na lastiki ambavyo maji yanayotokota havionei huruma.

Klorini inastahili aya yake, kwa sababu wahudumu wa afya wa ukanda wetu wana sababu nzuri ya kuiamini. Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri kuanzia 2018 hadi 2020, Ebola ya Uganda mwaka 2022, Marburg ya Kagera mwaka 2023: kote huko ndoo ya klorini ilisimama mlangoni. Mabuti ya mpira, aproni nzito na miwani ya kinga huchovywa klorini ya asilimia 0.5 na kurudi kazini. Barakoa haimo kwenye orodha hiyo. Ikitoka kwa mgonjwa wa Ebola inakwenda kuchomwa moto. Mwenye mazoea hayo, siku barakoa zinapoadimika, mkono wake huenda kwenye klorini ya Jik bila kufikiri mara mbili. Madhara ni mawili: chujio hudhoofika, na mabaki ya klorini hubaki kwenye nyuzi, mvaaji akayavuta puani shifti nzima.

Kama dawa hazifai, kilichobaki ni nini? Kwanza ni muda. Kirusi nje ya mwili wa mtu hakina chakula wala makao, kinachakaa chenyewe. Utafiti uliochapishwa Machi 2020 katika jarida la New England Journal of Medicine ulikikuta kirusi cha korona kikiwa hai juu ya plastiki hadi saa 72. Mwezi uliofuata wanasayansi wa Hong Kong walichapisha kwenye The Lancet Microbe habari iliyowatia watu hofu: upande wa nje wa barakoa ya upasuaji walikuta mabaki hai hata siku ya saba. Vichwa vya habari viliishia hapo. Kilichoachwa ni kwamba siku hiyo ya saba kilichobaki kilikuwa kama sehemu moja katika elfu ya kile walichokimwagia, na walikuwa wamemwagia kingi, ndani ya chumba cha maabara chenye ubaridi wa nyuzijoto 22.

Kutokana na hesabu za namna hii, Kituo cha Udhibiti wa Magonjwa cha Marekani, CDC, kilishauri mhudumu apewe barakoa tano. Anavaa moja leo, jioni anaiweka kwenye mfuko wa karatasi wenye jina lake, kesho anachukua ya pili, na ya kwanza hairudi usoni kabla ya siku tano kupita. Tsai, ambaye alikuwa amestaafu na akarudi kwenye utafiti baada ya janga kuanza, naye alipendekeza kuzungusha barakoa kwa mtindo huu. Hakuna umeme, hakuna dawa, hakuna fundi wa mtambo. Kwa zahanati ya kijijini ndiyo njia ambayo ningeichagua mbele ya zote. Sharti moja tu: mfuko uwe wa kaki, unaopitisha hewa, maana barakoa hutoka usoni na unyevu wa pumzi, na ndani ya nailoni unyevu huo haukauki. Kwa mara moja marufuku ya mifuko ya plastiki imetusaidia katika jambo ambalo hakuna mbunge aliyelifikiria.

Na jua je? Swali hili haliepukiki katika nchi zetu, na jibu lake huwaudhi watu. Miale ya urujuanimno inayotumika hospitalini kuua vijidudu ni ya urefu wa wimbi wa nanomita 254, na miale ya jamii hiyo haifiki ardhini. Tabaka la ozoni huimeza yote. Inayotufikia ni ile dhaifu zaidi. Inadhuru virusi, ndiyo, ila hujui imegusa wapi na kwa muda gani: mawingu yanapita, mikunjo inatia kivuli, upande wa ndani haujaona kitu. Wakati huohuo jua kali huchakaza plastiki na lastiki. Barakoa ikaushwe kivulini penye upepo. Anayeianika juani kwa saa moja na kuihesabu kuwa imetakaswa anajidanganya.

Joto linaaminika zaidi, mradi liwe na kipimo. Nyuzijoto 70 za joto kavu kwa muda wa nusu saa hadi saa nzima humaliza kirusi cha korona, na chujio hulivumilia. Kundi la Stanford liliendelea hadi nyuzijoto 85 na kurudia mizunguko 50 bila uchujaji kushuka kwa kiasi cha kutisha. Walipopandisha hadi 125 kitambaa kilidhoofika upesi. Katika Chuo Kikuu cha Illinois walijaribu kitu cha nyumbani kabisa, sufuria ya umeme ya kupikia, kavu bila tone la maji, taulo chini ili barakoa isiguse bati, dakika 50 kwa nyuzijoto 100, na wakaridhika kwamba barakoa ilihimili mizunguko 20. Habari hii ilipendwa sana mitandaoni. Msomaji akumbuke kwamba walikuwa na vipimajoto ndani ya sufuria na mashine ya kupima uchujaji mezani. Sufuria juu ya jiko la mkaa haina nyuzijoto 70. Ina moto na moto zaidi. Maikrowevu ni mbaya kupita zote, kwa kuwa waya wa puani hutoa cheche. Tena barakoa iliyotoka wodini haina ruhusa ya kuingia jikoni kwa mtu, iwe sufuria hiyo ni ya umeme au ya udongo.

Miale ya urujuanimno ya taa za hospitali nayo inafanya kazi. Kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Nebraska, mjini Omaha, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuweka utaratibu wa wazi: barakoa hutundikwa kwenye kamba ndani ya chumba, taa huku na huku, na hakuna anayeingia mpaka kipimo kitimie. Kipimo ndicho kiini. Tafiti nyingi zinataka angalau jouli 1 kwa kila sentimita ya mraba ya barakoa, pande zote, na lastiki zifutwe kando kwa dawa kwa sababu hujisokota na kujitia kivuli. Visanduku vidogo vya mwanga wa buluu vinavyouzwa kwa ajili ya simu havisemi vinatoa kiasi gani. Taa za kukaushia rangi ya kucha saluni hutoa miale ya aina nyingine kabisa, na kwa kazi hii hazina faida yoyote.

Njia iliyopewa fedha nyingi kuliko zote ilikuwa mvuke wa haidrojeni peroksaidi, na hadithi yake inafundisha kuliko njia yenyewe. Shirika la utafiti la Battelle, lenye makao Columbus katika jimbo la Ohio, lilikuwa na makontena ambayo ndani yake barakoa hupangwa kwenye rafu na kufukizwa kwa mvuke huo kwa saa kadhaa. Mwishoni mwa Machi 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ililiruhusu kwanza kwa barakoa 10,000 tu kwa siku. Gavana wa Ohio, Mike DeWine, alilalamika hadharani, na ndani ya muda mfupi kikomo kile kikaondolewa. Mtambo mmoja ulitajwa kuweza kutakasa hadi barakoa 80,000 kwa siku. Serikali ya Marekani ikaingia mkataba uliotajwa kufikia dola milioni 400 kwa mitambo 60. Barakoa moja iliruhusiwa kupita humo hadi mara 20.

Zingatia walivyokuwa wakali na kilichoingia. Barakoa yenye damu, makamasi au hata vipodozi ilitupwa. Barakoa yenye selulosi, zile nyuzinyuzi za miti zinazotengenezwa karatasi, haikukubaliwa, kwa kuwa selulosi hufyonza peroksaidi ikaishiwa kabla ya kazi kwisha. Kila barakoa ilitiwa alama kila ilipopita, ili ihesabike. Chujio lilivumilia vizuri. Kirusi kilikufa. Kwa mitihani miwili ya kwanza Battelle ilifaulu.

Januari 2021 FDA ilipunguza mizunguko kutoka 20 hadi 4. Juni 30 mwaka huohuo iliondoa vibali vyote vya dharura vya kutakasa N95 na kuwataka wahudumu warudi kwenye barakoa mpya, ambazo kufikia hapo zilikuwa zinapatikana. Kutoka 20 hadi 4 si marekebisho madogo. Ni mtihani wa tatu huo.

Barakoa hukaa usoni kwa nguvu ya lastiki mbili na waya mmoja. Kila ukiivaa unavuta lastiki na kukunja waya. Kila ukiivua unavuta tena. Baada ya mara chache lastiki hulegea na waya haurudi mahali pake. Hewa nayo hufuata njia nyepesi: ikipata upenyo kando ya pua haitajisumbua kupita kwenye chujio, liwe zima au bovu. Watafiti wa NIOSH, taasisi ya Marekani inayothibitisha barakoa hizi, walikuwa wamekwisha kuonyesha miaka kadhaa kabla ya korona kwamba mkao wa usoni huanza kuharibika baada ya kuvaa mara tano hivi kwa baadhi ya aina. Juni 2020 jarida la JAMA lilichapisha kipimo kilichofanywa kwa wahudumu waliokuwa kazini San Francisco wakizivaa tena na tena. Kati ya zile zenye umbo la mdomo wa bata, asilimia 70 na ushei hazikushika uso tena. Za umbo la bakuli zilizofeli zilikuwa asilimia 27 na nusu. Hizo hazikuwa zimechafuka wala kuchanika. Zilikuwa zimechoka.

Hapa nina maoni makali kidogo. Mwaka ule wa 2020 dunia ilitumia akili na fedha nyingi mno kuua kirusi kilichokuwa juu ya barakoa, na kidogo mno kuangalia kilichokuwa kinapita kando yake. Aprili 2021 CDC ilieleza kwamba uwezekano wa kuambukizwa korona kwa kugusa kitu chenye virusi kwa kawaida ni chini ya 1 kati ya 10,000. Hatari kubwa ilikuwa hewani muda wote. Mhudumu aliyevaa barakoa ya jana isiyotakaswa, ila inayoshika uso sawasawa, na akanawa mikono baada ya kuigusa, alikuwa salama kuliko mwenzake mwenye barakoa iliyotakaswa kwa mtambo wa mamilioni na inayovuja puani.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza itatakaswaje, vaa uipime. Funika barakoa kwa viganja viwili, pumua nje kwa nguvu, kisha ndani. Ukisikia upepo machoni au mashavuni, rekebisha waya. Ukiendelea kuusikia, itupe hata kama umeipata asubuhi hiyo. Ndevu huharibu kila kitu, na kwa hilo sina lugha ya kubembeleza: N95 haishiki juu ya ndevu. Kwa wauguzi wanaovaa hijabu, lastiki zinazopita juu ya kitambaa huteleza, hasa cha hariri au nailoni. Hijabu ya pamba ya kubana ndani, lastiki juu yake, kisha ya nje ikifunika vyote, hupunguza mtelezo. Na upimaji ufanyike ukiwa umevaa kama utakavyovaa kazini, si ukiwa kichwa wazi kwenye chumba cha wanawake.

Yapo mazingira ambamo kutakasa hakuhitajiki kabisa, nayo kwetu ndiyo ya kila siku. Kifua kikuu hakiambukizwi kwa kushika kitu. Bakteria wake huelea kwenye chembe ndogo mno za makohozi na lazima wavutwe hadi ndani ya mapafu, na aliyenaswa kwenye nyuzi za chujio haruki kirahisi kurudi hewani. Ndiyo maana miongozo ya kifua kikuu, tangu zamani kabla ya korona, humruhusu mhudumu kuvaa N95 yake mara kadhaa bila kuitia dawa yoyote, ilimradi ni yake peke yake, ni kavu, haijachanika na bado inashika uso. Katika hospitali kama Kibong'oto mkoani Kilimanjaro, ambako Tanzania hutibu kifua kikuu sugu, au kliniki yoyote ya kifua kikuu kutoka Mombasa hadi Bujumbura, spiriti kwenye barakoa haimwongezei mtu usalama hata chembe. Inamwondolea chaji tu.

Ugonjwa ndio unaoamua. Kwa kifua kikuu, tunza na uvae tena. Kwa korona na mafua makali, zungusha kwenye mifuko ya kaki, na joto la kipimo kama lipo. Kwa Ebola na Marburg, ambako tone la maji ya mwili mahali pasipostahili laweza kuua, usijadiliane na mtu: tupa, ichomwe. Mwongozo mmoja uliobandikwa ukutani kwa makundi yote matatu ya magonjwa utakuwa na kosa kwa angalau mawili.

Barakoa za vitambaa na zile za buluu za upasuaji zina mambo yake, na ni mepesi. Ya kitambaa ni nguo. Haina chaji ya kupoteza. Shirika la Afya Duniani lilishauri ifuliwe angalau mara moja kwa siku kwa sabuni na maji ya moto ya nyuzijoto 60 au zaidi. Pasipo maji ya moto, fua kwa sabuni na maji ya kawaida kisha chemsha dakika moja, au loweka dakika moja kwenye klorini ya asilimia 0.1 na usuuze sana. Kwa Jik ya asilimia 3.5 hiyo ni sehemu moja ya Jik kwa sehemu 34 za maji. Soma lebo kwanza, kwa kuwa nguvu hutofautiana. Ya upasuaji nayo imetengenezwa kwa matumizi ya mara moja. Ikilowa au kuchafuka itupwe, na ikatwe kamba kwanza, ili asitokee mjanja wa kuiokota, kuifua na kuirudisha sokoni kwenye pakiti.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu lingefaa kutangulia mijadala yote hii. Kuna barakoa zilizotengenezwa tangu mwanzo ili zirudiwe: zile za mpira au silikoni zinazofunika pua na mdomo, zenye vichujio vya kubadilisha ubavuni, ambazo mafundi wa kupaka rangi magari wanazijua vizuri kuliko madaktari. Mpira wake hauna chaji ya kulinda. Ng'oa vichujio, osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, tia dawa aliyoielekeza mtengenezaji, suuza, kausha, rudisha. Mkao wake usoni haulegei baada ya kuvaliwa mara tano. Hospitali ya kifua kikuu ya jimbo la Texas ilikuwa ikizitumia miaka mingi kabla ya korona. Mwaka 2020 mtandao wa hospitali za Allegheny, mjini Pittsburgh, ulizigawa kwa wahudumu wake na kuripoti gharama ndogo kwa mbali kuliko kununua N95 na kuzitakasa.

Zina kasoro, nisifiche. Sauti ya mvaaji husikika kama inatoka kisimani, na mgonjwa mzee atakuomba urudie kila neno. Nyingi zina vali inayotoa pumzi bila kuichuja, kwa hiyo hazifai chumba cha upasuaji isipokuwa zile zilizotengenezwa bila vali au zenye kichujio hapo. Zinahitaji mahali pa kuoshea na mtu mwenye jukumu la kuosha. Bei yake kwa mkupuo mmoja huwatisha wahasibu, wanaoona tarakimu ya leo wakasahau maboksi ya N95 ya mwaka mzima.

Bado, kwa wodi na maabara za kifua kikuu, ambako wahudumu ni walewale, hatari ni ileile na haina msimu, sioni hoja nzito ya kuendelea kutegemea barakoa ya kutupwa ambayo tunajua kabisa haitatupwa. Bohari ya Dawa nchini Tanzania, taasisi ya dawa ya KEMSA nchini Kenya na wenzao wa Uganda, Rwanda na Burundi waziweke kwenye orodha za manunuzi, pamoja na vichujio vya akiba na vifaa vya kupimia mkao usoni. Korona ilipoingia Kenya na Tanzania Machi 2020, kila nchi duniani ilikuwa sokoni ikigombea boksi lilelile. Likija janga jingine, foleni itakuwa ndefu vilevile, na anayenunua leo hatakuwa ndani yake.